Sakafu Iliyogeuka Paa: Namna ya Kukinga Slabu Kabla ya Masika

Mazungumzo kwa wakaazi, yaliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wadi kabla ya msimu wa mvua ndefu



Masika yanapoanza huku Pwani, kuna sauti moja inayojulikana katika nyumba nyingi za mawe. Tone linaanguka sebuleni, kimya kidogo, kisha tone jingine. Sufuria inawekwa katikati ya chumba, kochi linasogezwa ukutani, na watoto wanahamishwa kulala upande wa pili. Asubuhi mvua ikipusa, mwenye nyumba anakwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ananunua ndoo ya dawa ya kuzuia maji na kumwita fundi. Dawa inapakwa siku hiyo hiyo, zege likiwa bado limeshiba maji ya usiku. Nyumba nzima inapumua. Masika ya mwaka unaofuata, sufuria inarudi pale pale.

Mazungumzo ya leo yanahusu sufuria hiyo. Yanaeleza kwa nini fedha nyingi za wakaazi zinaishia kwenye ndoo za dawa ambazo hazizuii kitu, na ni hatua zipi zinazopaswa kutangulia ndoo. Jambo la kukumbuka ni moja: dawa ya kuziba zege ni kazi ya mwisho. Ikifanywa kazi ya kwanza, ni fedha zilizotupwa.

SAKAFU INAYONGOJEA GHOROFA

Anayepita Mtwapa, Kilifi mjini au Malindi ataona nyumba nyingi zenye umbo moja. Chini kuna vyumba vinavyokaliwa na watu. Juu kuna slabu iliyo wazi, na kwenye pembe zake vyuma vya nguzo vimesimama vikingojea ghorofa inayofuata. Mwenye nyumba alijenga kwa kadiri ya mfuko wake, akahamia, na ghorofa ya pili itakuja fedha zikipatikana. Hakuna aibu katika mpango huo. Ndivyo familia nyingi zinavyojijengea makao.

Lakini tatizo linaanzia hapo. Slabu ile haikumwagwa iwe paa. Ilimwagwa iwe sakafu ya ghorofa ya juu, na sakafu nzuri ni ile iliyolala sawasawa kwenye pima maji. Paa zuri ni kinyume chake: linapaswa kuinama ili maji yaondoke. Kwa hiyo kila mwaka ghorofa inapochelewa, sakafu inafanya kazi ya paa bila mteremko, bila milizamu ya kutosha, na mara nyingi imezungukwa na ukuta mfupi wa ukingoni unaoigeuza kuwa karai kubwa.

Ukubwa wa karai hilo unaweza kupigiwa hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye slabu ya mita 8 kwa mita 10 ina mita 80 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 50 usiku mmoja, jambo ambalo si geni huku mwezi wa Mei, slabu hiyo imepokea lita 4,000. Kama milizamu imezibwa na majani ya mwembe, maji hayo yote yanabaki juu. Ni uzito wa tani 4, umelala juu ya vichwa vya watu waliolala.

ZEGE LINAKUNYWA

Wengi huamini kwamba zege ni jiwe, na jiwe haliingizi maji. Ukweli ni kwamba zege lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Saruji huhitaji maji ili ishike, lakini fundi akizidisha maji ili mchanganyiko umwagike kwa urahisi, maji ya ziada hukauka baadaye na kuacha njia nyembamba ndani ya zege. Kadiri mchanganyiko ulivyokuwa chapachapa, ndivyo zege linavyokunywa zaidi.

Jua nalo lina sehemu yake. Zege jipya linapaswa kumwagiliwa na kubaki na unyevu kwa siku 7 au zaidi. Likiachwa likaukie juani, uso wake hupasuka nyufa nyembamba na kubaki dhaifu. Hata baada ya kukomaa, slabu haitulii. Mchana inapata joto na kutanuka, jioni au mvua inapoipiga ghafla inapoa na kunywea. Slabu ya urefu wa mita 10 ikibadilika joto kwa nyuzi 30, urefu wake hubadilika kwa milimita 3 hivi. Mwendo huo mdogo, ukirudiwa kila siku mwaka mzima, unatosha kufungua ufa uliozibwa kwa saruji ngumu. Ndiyo sababu kuna nyufa zinazozibwa kila mwaka na kila mwaka zinarudi.

Kuvuja kwenyewe ni kero, lakini hatari iko ndani zaidi. Ndani ya slabu kuna vyuma. Zege zuri huvikinga kwa sababu lina hali ya magadi inayozuia kutu. Baada ya miaka, hewa na maji vinapopenya, kinga hiyo hupungua. Karibu na bahari kuna adui wa pili, yaani chumvi inayoletwa na upepo, na chumvi inayoingia tangu siku ya ujenzi pale mchanga wa ufuoni unapotumiwa. Chuma kikishika kutu kinavimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Kinasukuma zege kutoka ndani. Dari linaanza kuonyesha mstari wa rangi ya kahawia, kisha ufa unaofuata chuma, kisha kipande kinaanguka.

Kipande hicho hakichagui saa ya kuanguka, wala hakiangalii aliye chini. Kwa hiyo anayeziba slabu yake anafanya zaidi ya kuokoa kochi na rangi ya ukuta. Anakinga vyuma vinavyobeba nyumba.

WAZEE WALIJENGAJE

Wenyeji wa Pwani walijua kupambana na maji kabla saruji haijafika. Mji wa kale wa Gedi, ulio karibu na Watamu na ulioingizwa mwaka wa 2024 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani yake mna visima na mabirika yaliyopigwa plasta ya chokaa ili kuhifadhi maji. Nyumba za mawe za Lamu nazo zilifunikwa kwa mapaa bapa ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko.

Mafundi wale hawakuwa na ndoo za dawa. Walikuwa na milizamu inayotoa maji mbali na ukuta, chokaa kilichoshindiliwa kwa subira, na desturi ya kurudia matengenezo. Nyumba ilipoachwa bila mtu wa kuitunza, paa ndilo lililotangulia kuanguka. Anayetembea Gedi leo anaona kuta nyingi zimesimama, na mapaa hayapo.

HATUA YA KWANZA: KUJUA MAJI YANATOKA WAPI

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba aulize swali rahisi: je, doa la darini hulowa wakati wa kiangazi? Kama dari limelowa mwezi wa Februari wakati hakuna mvua, mkosaji ni paipu, bafu la juu au tangi la maji lililowekwa kwenye slabu. Dawa ya paa haitasaidia. Fundi wa mabomba ndiye wa kuitwa.

Kama doa hulowa wakati wa mvua pekee, apande juu mvua ikishapusa na achukue chaki. Azungushe mstari kila mahali maji yaliposimama. Atazame mahali pengine pia: pale slabu inapokutana na ukuta wa ukingoni, kandokando ya paipu zinazopita kwenye slabu, penye matundu ya skrubu za dishi la televisheni, na pale vyuma vya nguzo vinapotoka kwenye zege. Maji hupenda njia hizo. Huingia mahali pamoja, yakatembea ndani ya zege na kutokea mahali pengine. Doa la sebuleni linaweza kuwa na chanzo juu ya chumba cha kulala.

Kwa kila ufa unaotia shaka, apige mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe. Baada ya miezi 2 au 3 arudi kuangalia. Ufa uliopita alama unaendelea kukua, na huo unahitaji jicho la mhandisi kabla ya kufunikwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe ufa usioujua.

HATUA YA PILI: KUYAPA MAJI NJIA

Maji yasiyosimama hayana muda wa kupenya. Kipimo kinachofaa kwa slabu ya paa ni mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita 1, kuelekea kwenye milizamu. Milizamu iwe zaidi ya mmoja, ili mmoja ukizibwa mwingine ufanye kazi, na itokeze nje vya kutosha ili maji yasiteleze kwenye ukuta.

Hapa pana onyo. Mteremko kwa kawaida huwekwa kwa kumwaga tabaka la mchanga na saruji juu ya slabu, na tabaka hilo ni zito. Kwenye slabu ya mita 8 kwa mita 10 inayoinamia pande mbili, katikati patahitaji kuinuliwa kwa sentimita 8 hivi. Kwa wastani ni sentimita 4 juu ya mita 80 za mraba, na uzito wake unapita tani 6. Slabu iliyojengwa kwa vipimo vya mhandisi inaweza kubeba. Slabu iliyomwagwa bila michoro, au ambayo vyuma vyake vimeanza kutu, huenda isiweze. Mwenye nyumba asikubali mzigo huo kwa neno la fundi pekee.

Ipo njia nyingine ambayo wengi huidharau. Kama ghorofa ya pili haitajengwa karibuni, kuezeka mabati mepesi juu ya slabu kwa mbao kunaweza kuwa nafuu kuliko mteremko na dawa pamoja. Mabati huzuia mvua na jua, hupunguza joto chini, na huvuna maji ya kujaza tangi. Yafungwe imara dhidi ya upepo wa kusi, na siku ya kujenga ghorofa yataondolewa na kutumika tena.

HATUA YA TATU: KUTENGENEZA KILICHOHARIBIKA

Zege linalotoa sauti ya uwazi likigongwa kwa nyundo limeachana na sehemu ya chini yake. Libomolewe hadi kwenye zege gumu. Chuma kilichoonekana kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu yote iondoke, kipakwe kinga ya kutu inayofaa ndani ya zege, kisha pazibwe kwa mchanganyiko wa kutengenezea zege. Kupaka plasta juu ya kutu ni kuficha jeraha lenye usaha.

Nyufa nyembamba kama unywele, zisizosogea, zinaweza kufunikwa na tabaka la dawa yenye mnyumbuko. Ufa mpana zaidi ufunguliwe kwa patasi, usafishwe vumbi, na kujazwa gundi ya kuzibia inayonyumbuka badala ya saruji ngumu. Pale slabu inapokutana na ukuta wa ukingoni, fundi apige plasta ya mviringo ili pasibaki pembe kali, kwa maana dawa hukatika kwenye pembe.

Vyuma vya nguzo visiachwe wazi kwa miaka. Visuguliwe, kisha vifunikwe kwa kiguzo kifupi cha zege hafifu linaloweza kubomolewa ghorofa itakapoanza. Shina la kiguzo hicho litazibwa pamoja na slabu.

HATUA YA NNE: KUNGOJA ZEGE LIKAUKE

Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Dawa nyingi zinazotengeneza ngozi juu ya zege hazishiki kwenye zege lenye maji. Unyevu uliofungiwa chini hupashwa joto na jua, hugeuka mvuke na kusukuma ngozi hiyo juu. Matokeo yake ni malengelenge, kisha mabaka meupe, kisha dawa inabanduka kama ganda la muwa.

Zege jipya lipewe siku 28 kabla ya kupakwa, isipokuwa maelezo ya dawa yaseme vingine. Zege la zamani lipimwe kwa njia hii: kipande cha nailoni inayoonya, cha takriban nusu mita kila upande, kibandikwe kwenye slabu kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiachwe kwa muda wa saa 16 au zaidi. Kikiwa na matone ya maji upande wa chini, au zege lililofunikwa likiwa limebadilika rangi kuwa jeusijeusi, bado kuna unyevu. Kungoja wiki moja zaidi ni rahisi kuliko kununua dawa mara mbili.

Slabu pia isafishwe. Ukungu na kijani kibichi visuguliwe kwa brashi ngumu, mafuta yaondolewe kwa sabuni, na vumbi lifagiwe. Anayetumia dawa ya kuondolea madoa yenye klorini asiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

HATUA YA TANO: KUCHAGUA DAWA

Dukani majina ni mengi, lakini aina zenyewe ni chache.

Ya kwanza ni ile inayonyweka ndani ya zege, mara nyingi ya sileni au siloksani. Haiachi ngozi juu. Huyafanya maji yateleze kama kwenye jani la yungiyungi, huku zege likiendelea kupumua. Inafaa kuta za nje na mapito. Haizibi nyufa, na haiwezi kushindana na dimbwi linalosimama.

Ya pili ni ile inayofanya ngozi yenye mnyumbuko, kama akriliki na poliyurethani. Inafaa slabu yenye mteremko na nyufa ndogo, na zile nyeupe hurudisha joto la jua. Akriliki ya kawaida huchoka haraka mahali maji yanaposimama, na huhitaji kupakwa upya baada ya miaka kadhaa.

Ya tatu ni ya saruji iliyochanganywa na utomvu maalumu. Hii hutumika bafuni, ndani ya birika na kwenye kuta za tangi. Tofauti na ya pili, nyingi za aina hii hupakwa juu ya zege lililoloweshwa kidogo bila kuacha madimbwi. Kwa hiyo maelezo ya kwenye ndoo ni lazima yasomwe. Kwa birika la maji ya kunywa, itumike tu dawa iliyoandikwa wazi kwamba inafaa maji ya kunywa. Lami haina nafasi ndani ya birika.

Ya nne ni mazulia ya lami yanayobandikwa kwa moto wa gesi. Ni imara, lakini yanataka fundi aliyefundishwa kazi hiyo. Moto wa gesi juu ya nyumba ya watu si jambo la kujaribia.

Kwa bidhaa yoyote, mnunuzi atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kisha apige hesabu. Tuseme ndoo inaeleza kwamba lita 1 inatosha mita 2 za mraba kwa mkono mmoja. Slabu ya mita 80 za mraba itahitaji lita 40 kwa mkono wa kwanza na lita 40 kwa mkono wa pili. Hizo ni ndoo 4 za lita 20. Anayenunua ndoo 1 na kuongeza maji hadi itoshe amepaka rangi tu, hajaziba.

Kwa mwenye fedha za kutosha kitu kimoja pekee, mpangilio ni huu: kwanza azibue na kuongeza milizamu, pili atengeneze zege lililooza, tatu dawa. Slabu isiyo na dawa lakini maji yanaondoka itadumu kuliko slabu iliyopakwa dawa huku maji yamesimama juu yake.

SAA NA MSIMU

Kwenye jua la saa 6 mchana, zege huwa moto kiasi cha kuunguza nyayo. Dawa ikipakwa wakati huo hukauka juu kabla ya kushika chini, na hewa inayotanuka ndani ya vinyweleo hutoka ikiacha vitundu. Wakati unaofaa zaidi ni alasiri, kuanzia saa 10 hivi, joto la zege linapoanza kushuka, mradi ibaki nafasi ya dawa kukauka kabla ya umande. Mkono wa pili usubiri wa kwanza ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo, na upakwe kukatiza mwelekeo wa ule wa kwanza. Mvua isitarajiwe kwa saa 24 zinazofuata.

Kwa kalenda ya Pwani, msimu wa kazi hii ni kaskazi, hasa Januari na Februari. Ukaguzi na penseli viwe mwishoni mwa vuli, matengenezo yafanywe Januari, na dawa Februari baada ya kipimo cha nailoni. Kuanzia Machi mwenye nyumba anacheza bahati nasibu na mawingu. Idara ya Hali ya Hewa nchini hutoa utabiri wa kila msimu, na ni vyema kuufuata kabla ya kupanga siku na fundi. Waliopitia mvua za El Niño za mwisho wa 2023 wanajua kwamba hata vuli inaweza kuja na nguvu za masika.

USALAMA NA MAKUBALIANO

Dawa zenye viyeyusho hutoa mvuke unaolewesha na kushika moto. Jiko lizimwe, madirisha yafunguliwe, watoto na wagonjwa wakae mbali. Saruji mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo glavu na viatu vya mpira ni vya lazima. Anayevuna maji ya paa aondoe paipu ya tangi kabla ya kazi, na maji ya mvua za kwanza baada ya kupaka yamwagwe.

Kwenye baraza ya mbele, ngazi na uani, zege lililozibwa huteleza likilowa. Nyanya anayetoka kuchukua udhu alfajiri hajui kwamba sakafu imepakwa dawa jana. Mchanga laini uliopepetwa unaweza kunyunyizwa kwenye mkono wa mwisho ili mguu ushike. Na kama sakafu ya chini inatoa unyevu kutoka ardhini, kupaka juu hakutaponya. Maji yale yanasukuma kutoka chini, na yatabandua dawa. Tiba yake ni kuyaondoa maji kandokando ya nyumba. Kwa nyumba mpya, nailoni nzito itandikwe chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege.

Makubaliano na fundi yaandikwe: eneo kwa mita za mraba, jina la dawa, idadi ya ndoo na mikono, siku za kungojea, na sehemu ya malipo itakayobaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi mwema hatakataa, kwa kuwa karatasi inamlinda naye pia. Kwa kazi kubwa, mwenye nyumba aulize kama mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Na yeyote anayetaka kuongeza ghorofa apate kwanza idhini ya kaunti.

Zipo dalili zinazotaka mhandisi kabla ya dawa: slabu iliyobonyea katikati, ufa unaopita zege zima kutoka juu hadi darini, vipande vinavyoanguka, vyuma vilivyo wazi. Nyumba ikionyesha moja kati ya hizo, watu wahamishwe kutoka chumba hicho kwanza, halafu ndipo mazungumzo mengine yafuate.

Mabibi na mabwana, mwenye nyumba anayepanda kwenye slabu yake wiki hii akiwa na chaki, penseli na kipande cha nailoni hajatumia hata elfu moja, lakini ameshaanza kazi. Azibue milizamu kabla ya kushuka. Ndoo ya dawa ingojee zamu yake, na sufuria ya sebuleni irudi jikoni, mahali pake.